Damu ya Mwanamke na Ghera ya Mwanamume

Bismillahi Rrahmani Rrahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baadu. Kuna maneno ambayo husemwa barazani baada ya sala ya Isha kila ifikapo khabari ya mume aliyemuua mkewe, au ndugu aliyemuua dada yake. Mmoja huuliza, "Kwani huyo mwanamke alifanya nini?" Wa pili hujibu kuwa alionekana na mtu, au ilidhaniwa hivyo. Na wa tatu hutikisa kichwa akasema kuwa mwanamume mwenye ghera hawezi kulivumilia jambo hilo, na kwamba dini haimlaumu. Swali lililotangulia kuulizwa lilikuwa juu ya aliyeuawa, wala halikuwa juu ya aliyeua. Na neno la mwisho likabandikwa juu ya dini kana kwamba limo vitabuni mwake.

Neno hilo la mwisho ndilo linalotazamwa katika kurasa hizi. Je, ni kweli kuwa Sharia humkhafifishia adhabu mwanamume aliyemuua mwanamke wa nyumba yake kwa sababu ya ghera? Na ikiwa si kweli, limetoka wapi hata likaandikwa katika kanuni za nchi za Kiislamu, na Waislamu wakasimama kulitetea?

Wala si jambo dogo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa katika mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na waume zao, au wapenzi wao, au jamaa zao wenyewe, yaani kiasi cha 140 kila siku. Na bara la Afrika ndilo lililokuwa na hesabu kubwa kuliko mabara yote. Hawa hawakuuawa na wanyang'anyi wa njiani. Waliwaua watu waliokula nao sahani moja.

Anayetaka kuijua hukumu ya ghera na aanze na nyumba ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Katika kurejea vita vya Bani Mustalik, Bibi Aisha (R.A.) alibaki nyuma akiutafuta mkufu wake uliompotea, na msafara ukaondoka wakidhani kuwa yumo ndani ya kibebeo chake. Akamkuta Safwani bin Muattali, akampandisha juu ya ngamia wake, akamwongoza kwa miguu mpaka wakaufikia msafara. Wanafiki wakapata la kusema, na aliyelishika zaidi ni Abdalla bin Ubayyi. Uvumi ukazagaa Madina muda wa mwezi kamili. Bibi Aisha alikuwa mgonjwa, wala hakujua linalosemwa mpaka alipoambiwa na mwanamke mwenziwe. Akaomba rukhusa kwenda kwa wazazi wake, akapewa.

Hapana mume ambaye heshima ya nyumba yake ilikuwa kubwa kuliko ya huyu, wala hapana baba aliyekuwa na murua kuliko Abubakari. Basi walifanya nini? Mume aliuliza. Alimtaka shauri Ali na Usama, akamwuliza na mtumishi wa nyumbani, Barira. Kisha akaenda akakaa na mkewe, akazungumza naye kwa upole. Baba alilia. Mama alikaa na binti yake usiku na mchana. Nyumba ya wazazi ikawa ni mahali pa kulilia, haikuwa mahali pa kuchinjiwa. Na zilipoteremka aya za Suratin Nur, kuanzia ya 11, adhabu haikumwangukia mwanamke aliyesemwa, iliwaangukia waliosema; wakapigwa mijeledi 80 wale waliothubutikiwa na uzushi. Zaidi ya hayo, Abubakari alipoapa kuwa hatampa tena chakula Mistahi, jamaa yake maskini aliyekuwa miongoni mwa wazushi, ikateremka aya ya 22 kumtaka asamehe. Hiyo ndiyo ghera ya Abubakari ilipofikia: kukata posho ya mtu, na hata hilo akakatazwa.

Atasema mwenye kusema kuwa Bibi Aisha alikuwa safi, na kwamba maneno ni ya yule aliyefumaniwa hasa. Na hilo nalo liliulizwa Madina, tena na mtu mkubwa. Saad bin Ubada, mkuu wa Khazraji, aliposikia kuwa mwenye kumtuhumu mwanamke kwa zinaa hana budi kuleta mashahidi wanne, alimwuliza Mtume kama atamkuta mtu na mkewe amwache mpaka aende akatafute wanne. Akajibiwa kuwa ndiyo. Saad akasema kuwa yeye angelimpiga mtu huyo kwa makali ya upanga, si kwa ubapa. Mtume hakuikana ghera ya Saad. Aliwaambia sahaba kuwa yeye ana ghera kuliko Saad, na Mwenyezi Mungu ana ghera kuliko yeye. Ghera ikasifiwa, na upanga ukarudishwa alani.

Kisha ikaja njia nyingine badala ya upanga, nayo ni liani, iliyotajwa katika aya ya 6 hata ya 9 ya sura hiyohiyo. Mume asiye na mashahidi ataapa mara nne kuwa anasema kweli, na mara ya tano ajitakie laana akiwa mwongo. Na mke ataapa mara nne kuwa mumewe ni mwongo, na mara ya tano ajitakie ghadhabu ya Mungu akiwa mume ni mkweli. Kiapo cha mke huiondoa adhabu. Kisha watafarikiana, wala hawarejeani. Zingatia kuwa mume huyu anadai kuwa ameona kwa macho yake, nalo ndilo jambo zito kabisa linaloweza kumpata. Na Sharia haikumpa kisu, ilimpa kiapo, kisha ikampa mwanamke kiapo cha kukabiliana nacho.

Baadaye, katika ukhalifa wa Ali bin Abi Talib, mtu mmoja wa Sham alimkuta mwanamume na mkewe akaua. Muawia akatatizwa na hukumu, akamwandikia Abu Musa al-Ash'ari amwulizie Ali. Jibu la Ali, lililopokewa na Imam Malik katika Muwatta, lilikuwa kwamba mtu huyo asipoleta mashahidi wanne atolewe kwa wenye damu, na kamba shingoni. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na wengi wa mwambao, aliona kuwa mume aliyeshuhudia zinaa kwa macho yake, na wazinifu wote wawili wakawa ni watu waliokwisha kuoa na kuolewa, huenda akawa na nafasi baina yake na Mola wake. Ama mbele ya kadhi, kisasi hakimwondokei kwa sababu hiyo. Wengi hulishika lile fungu la kwanza la kauli hii wakaliacha la pili. Na hata hilo la kwanza lina masharti mazito: macho, na kitendo chenyewe, na ndoa. Halimo humo neno la jirani, wala barua, wala ujumbe wa simu, wala mke kuchelewa kurudi sokoni.

Na huyo kaka amwuaye dada yake asiyeolewa, au baba amwuaye binti yake mwanamwali, husimama juu ya nini? Hukumu ya mzinifu asiyewahi kuingia katika ndoa imo ndani ya Qur'ani, Suratin Nur aya ya 2, nayo ni mijeledi 100, baada ya ushahidi wa watu wanne au kukiri mwenyewe, na kwa amri ya mtawala. Si kifo. Basi kaka huyo amemuua mtu ambaye, lau kosa lake lingethubutu kwa mashahidi wote hao, Sharia isingemuua. Na mara nyingi halikuthubutu kosa lo lote. Huko Yordani, madaktari wa serikali waliopasua maiti za wasichana waliouawa kwa jina la heshima walikuta baadhi yao ni bikira.

Ikiwa mambo ni hayo, kanuni zile zilitoka wapi? Hapa pana kisa ambacho wengi hawajakisikia.

Mwaka 1810, katika enzi ya Napoleon Bonaparte, Ufaransa ilitoa kanuni yake ya adhabu. Kifungu chake cha 324 kilisema kuwa mume akimfumania mkewe na mwanamume ndani ya nyumba ya ndoa, akawaua papo hapo, mauaji hayo yana udhuru. Na kwa kifungu cha 326, udhuru huo uliishusha adhabu kutoka kifo mpaka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Mke aliyemfumania mumewe hakupewa udhuru huo. Mume aliyeweka kimada ndani ya nyumba ya ndoa alitozwa fedha tu. Mwaka 1858 Dola ya Kituruki, ikitaka kujipatanisha na taratibu za Ulaya, ilitoa kanuni yake ya adhabu iliyofuata mwendo wa ile ya Kifaransa, na katika kifungu cha 188 udhuru ule ukaandikwa tena, tena ukapanuliwa: haukuwa wa mke pekee, ukawa na wa maharimu wa mtu pia. Huko ndiko ulikotoka ukaingia Lebanoni katika kanuni ya mwaka 1943, na Syria mwaka 1949, na Yordani mwaka 1960 katika kifungu cha 340.

Mwaka 1999 serikali ya Yordani ilipeleka shauri la kukifuta kifungu hicho, na baraza la wabunge likalikataa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kuwa kukifuta ni kuacha dini na mila na kuwafuata Wazungu. Laiti wangaliuliza nasaba ya kitu walichokuwa wakikilinda! Kwani Wafaransa wenyewe walikuwa wamekwisha kukifuta cha kwao mwaka 1975. Waislamu waliachiwa nguo iliyovuliwa na mwenyewe, wakaivaa wakiidhani ni kanzu ya babu yao.

Na khasara haikuishia katika kifungu kimoja. Mahakimu wa Yordani walikitumia kidogo kile cha 340, maana kilitaka fumanizi. Walitumia zaidi kifungu cha 98, kimpunguziacho adhabu aliyefanya kosa katika ghadhabu kali. Ndipo kaka aliyemvizia dada yake siku kadha wa kadha akahesabiwa kuwa ameghadhibika. Kisha jamaa hufika mahakamani wakasema kuwa wameiacha haki yao, na kifungo kikapungua tena. Wanawake waliokuwa wakitishwa na jamaa zao waliwekwa gerezani, huku wakiambiwa kuwa wanahifadhiwa, na mwenye kutisha yuko huru. Mpaka mwaka 2017 ndipo kifungu cha 98 kiliporekebishwa kisimfae aliyeua kwa jina la heshima, na mwaka uliofuata ikafunguliwa nyumba ya hifadhi kwa wanawake hao. Lebanoni ilikwisha kufuta udhuru wake mwaka 2011. Syria ilifuta mwaka 2020.

Kuwait, ambayo manahodha wake walizijua bandari za Lamu na Mombasa, ilikuwa na kifungu cha 153 katika kanuni ya mwaka 1960. Aliyemfumania mkewe, au binti yake, au mama yake, au dada yake, akamuua papo hapo, adhabu yake haikuzidi kifungo cha miaka mitatu, au faini isiyozidi rupia 3,000, au vyote viwili. Rupia zenyewe zilikwisha kuondoka sokoni mwaka 1961, na bei ya damu ya mwanamke ikabaki kuandikwa kwa rupia miaka zaidi ya 60. Wanawake wa nchi hiyo waliishughulikia karibu miaka 10, na kifungu kikafutwa Machi 2025.

Mtu wa mwambao asidhani kuwa haya ni ya Waarabu peke yao. Kanuni za adhabu zilizotungwa na Wangereza mwaka 1930 kwa Kenya na kwa Tanganyika zina mlango wake, nao unaitwa uchokozi. Katika vifungu vya 207 na 208 vya kanuni ya Kenya, na 201 na 202 vya ile ya Tanzania Bara, aliyeua kwa hamaki baada ya kuchokozwa kiasi cha kumpotezea mtu wa kawaida nguvu za kujizuia, kabla hajapata nafasi ya kupoa, hushushwa kutoka kosa la kuua kwa makusudi hata kosa dogo kuliko hilo. Asili yake ni Uingereza, ambako mwaka 1707 Jaji Mkuu Holt alieleza kuwa kuzini na mke wa mtu ndiko kuingilia mali yake kulikozidi kote. Mali! Sharia haikumwita mke mali ya mumewe hata siku moja. Mahari ni yake, na urithi ni wake, na kiapo chake ni chake. Wangereza nao waliuondoa uchokozi katika sheria yao mwaka 2009, wakaandika kuwa uzinifu peke yake hautakuwa udhuru. Huku Afrika Mashariki vifungu vya 1930 vingaliko.

Lakini haitakuwa insafu kuwatupia Wafaransa na Wangereza mzigo wote. Kuna mlango mmoja ambao kweli umo katika Sharia, na ndio mgumu: msamaha wa walii wa damu. Mwenyezi Mungu katika Suratil Bakara aya ya 178 ameruhusu kisasi kisamehewe, akauita msamaha huo ni wepesi na rehema. Hii ni neema, imezima vita vya makabila mengi. Basi itakuwaje ikiwa aliyeua ni kaka, na mwenye kusamehe ni baba, na baba ndiye aliyemtuma?

Pakistani imeliona jambo hili. Tangu mwaka 1990 kanuni yake ya kisasi na dia ilimwachia walii kusamehe, na jamaa wakawa wanauana na kusameheana ndani ya nyumba moja. Julai 2016 Qandeel Baloch, mwanamke aliyekuwa mashuhuri nchini humo, aliuawa na kaka yake. Oktoba ya mwaka huo bunge likapitisha kuwa aliyeua kwa jina la heshima, hata akisamehewa, atafungwa maisha. Kaka yule alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019. Na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Lahore ikamwachia huru, baada ya mama yao kutoa msamaha. Mlango ulifungwa, na ufa ukabaki.

Wanavyuoni wa zamani hawakuwa wameghafilika na hili. Msamaha ni sadaka, ndivyo ulivyoitwa katika Suratil Maida aya ya 45, na mtu hutoa sadaka katika kilicho chake. Walii aliwekwa asimame upande wa aliyeuawa. Akisimama upande wa muuaji, uwalii wake umebaki jina. Kwa Shafii, muuaji harithi kwa aliyemuua kabisa, na haki ya kisasi ni ya warithi, kwa hivyo mwenye mkono katika mauaji hana nafasi ya kusamehe. Kwa Malik, aliyesamehewa kuua kwa makusudi bado hupigwa mijeledi 100 na hufungwa mwaka mmoja. Na aliyeua kwa hila na hadaa, msamaha wa jamaa haumfai kitu, amri ni ya mtawala. Kweli, wengi wa wafuasi wake waliitaja hila hiyo kwa mauaji ya kutaka mali. Lakini msichana aliyekimbia, akapelekewa maneno ya amani kuwa arudi nyumbani amekwisha kusamehewa, kisha akauawa usiku ule, ni hila gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Na al-Mawardi, naye ni Mshafii, ameeleza kuwa mtu akisamehe haki yake, mtawala hubaki na haki ya kutia adabu kwa ajili ya maslaha ya watu wote.

Na hilo neno maslaha lina kisa chake. Katika sehemu za kaskazini mashariki ya Kenya limekuwa jina la kikao cha wazee wanaopatanisha jamaa za msichana aliyenajisiwa na jamaa za aliyemnajisi, kwa ngamia au fedha, na msichana mwenyewe hayumo kikaoni. Mwambao una kikao kama hicho bila ya jina: mashemeji huja usiku, chai hutiwa, husemwa kuwa mambo ya ndani hayatolewi nje, na asubuhi mashtaka yamekwisha kuondolewa. Sheria ya Kenya ya makosa ya kujamiiana, ya mwaka 2006, imelikata jambo hili katika kifungu cha 40: kesi ya namna hiyo haiachwi kwa sababu jamaa wamepatana, mwenye kuamua ni mkuu wa mashtaka wa serikali peke yake. Wako waliolalamika kuwa hii ni kuingilia sulhu ya Waislamu. Walalamikaji hao na waulizwe ni madhehebu gani yaliyomruhusu mjomba kupokea ngamia kwa haki ya mpwa wake, naye yu hai na amenyamazishwa.

Kadhi wa Kenya hana mamlaka katika jinai. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imemwekea nikahi, talaka, mirathi na hali za watu binafsi. Kwa hivyo muuaji wa mke atasimama mbele ya jaji wa serikali, na wakili wake atafungua vifungu vya mwaka 1930, ataeleza kuwa mteja wake alichokozwa, na kwamba mtu ye yote wa dini yake na mila yake angelighadhibika vivyo hivyo. Waislamu watakuwa wamekaa nyuma katika mahakama hiyo, wakisikia jinsi dini yao inavyoshuhudishwa. Hapana kinachomzuia hata mmoja wao, akiwa ni mtu wa elimu, kumwendea mkuu wa mashtaka na kumwarifu habari ya Saad bin Ubada, na hukumu ya Ali.

Wallahu aalamu.